Maswali ya Wasomaji: Vijana wa Ufilipino na Gemu za Intaneti Kafe

Barua nne kati ya zile tulizopokea mwezi huu zinahusu jambo moja, nalo ni vijana wa Ufilipino na gemu wanazocheza katika maduka ya kompyuta. Nimeona ni vyema nizijibu kwa pamoja. Niliwahi kuishi Los Baños, mkoani Laguna, nilipokuwa masomoni, na baadhi ya ninayoyaeleza hapa niliyaona mwenyewe.

Mhariri, salamu. Mimi ni Mkenya ninayesoma chuo huku Silang, katika mkoa wa Cavite. Kila ninapotoka darasani mchana napita kwenye vibanda vya kompyuta vya kutumbukiza sarafu, na huwakuta watoto wamevaa sare za shule wakicheza gemu bila mtu mzima yeyote kuwauliza kitu. Kwetu ningesema wametoroka shule. Je, ndivyo ilivyo? Na mbona hawachezi kwenye simu zao, nyumbani kwao? – Mwanafunzi, Silang

Ndugu mwanafunzi, usiwahukumu kwa sare. Shule nyingi za serikali katika miji ya Ufilipino zina wanafunzi wengi kuliko vyumba vya madarasa, kwa hiyo hufundisha kwa zamu: kundi moja huingia alfajiri na kutoka adhuhuri, na jingine huanza masomo mchana na kurejea nyumbani magharibi. Mtoto unayemkuta kibandani saa nane mchana huenda amekwisha kumaliza masomo yake ya siku hiyo, na yule aliyepo saa tatu asubuhi huenda zamu yake bado haijafika. Watoro wapo, tena walimu wao wanawajua kwa majina, lakini kwa kuwatazama tu kutoka barabarani huwezi kuwatofautisha na wenzao. Ninalisisitiza hili kwa sababu wageni wengi, na hata baadhi ya viongozi wa huko, huanza kulihesabu tatizo kwa kuhesabu sare, na matokeo yake ni kwamba watoto wasio na kosa hufukuzwa hovyo na wale wanaohitaji msaada hawafikiwi.

Vibanda ulivyoviona huitwa pisonet. Kibanda chenyewe ni sanduku la plaiwudi lililosimama wima, kompyuta ikiwa imefungiwa ndani na skrini ikiwa nyuma ya kioo au wavu, na pembeni pana tundu la sarafu pamoja na tarakimu nyekundu zinazohesabu muda uliobaki. Peso moja, ambayo ni kama shilingi mbili na kitu za Kenya, hununua dakika nne au tano hivi. Ukisimama ukatazama, utaona mchezaji amezipanga sarafu zake kando ya kibodi, na muda ukikaribia kwisha anatumbukiza peso nyingine kwa mkono wa kushoto bila kugeuza kichwa. Nyuma ya kiti chake cha plastiki wamesimama wenzake watatu au wanne wasio na kitu mfukoni, wanamwelekeza, wanabishana, wanampigia kelele akimbie au ashambulie. Na sarafu zikimwishia, mmoja wao hupata peso mahali fulani na kuchukua kiti. Hao waliosimama nao wamekuja kucheza. Mtu akiniuliza ni watoto wangapi wanatumia kompyuta moja, siwezi kumjibu kwa kuhesabu viti.

Desturi hii ya kucheza kwa kundi ina historia yake. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 maduka ya kompyuta yaliyokuwa yakitegemea kazi za kuchapa na barua pepe yaligundua kwamba faida kubwa ilikuwa kwenye gemu. Vijana walicheza Counter-Strike, kisha mwaka 2003 kampuni ya Level Up! ikaleta Ragnarok Online kutoka Korea Kusini, ambayo ililipiwa kwa vocha zilizouzwa madukani kama vocha za simu. Baadaye ikaja DotA, ambayo ilikuwa ramani iliyotengenezwa na wachezaji wenyewe ndani ya gemu ya Warcraft III, na hiyo ndiyo iliyoyabadilisha maduka kabisa. DotA huchezwa watano dhidi ya watano, na iliweza kuchezwa kwa kuunganisha kompyuta za chumba kimoja kwa waya bila hata kuhitaji intaneti. Fikiria nchi ambayo intaneti ya nyumbani ilikuwa ghali na ya polepole, halafu ikapatikana gemu inayotaka watu kumi, chumba kimoja na nyaya tu. Kizazi kizima kilijifunza kwamba gemu ni jambo la kufanya na barkada, yaani kundi la marafiki wa rika moja, mkitazamana na kusikiana.

Kuhusu simu, uko sahihi kwamba wengi wamehamia huko. Tangu gemu ya simu iitwayo Mobile Legends itoke mwaka 2016, maduka mengi yalipoteza wateja, na yalipofungwa kuanzia Machi 2020 kwa sababu ya janga la korona, mengine hayakufunguliwa tena. Hata hivyo, angalia wenye simu wanakaa wapi. Utawakuta wamejikunyata kwenye benchi kando ya sanduku jingine la sarafu, lile la kuuza wifi kwa peso, wakicheza kundi lile lile katika mtaa ule ule. Nyumbani mara nyingi ni chumba kimoja chenye joto, watu sita au saba na feni moja, na pengine mzazi anayefanya kazi ya usiku katika kituo cha kupokea simu za wateja wa Marekani amelala mchana na hataki kelele. Mtoto hutoka nje kwa sababu nje ndiko kuna nafasi, na barabarani kilichokuwa wazi na chenye bei anayoimudu ni pisonet.

Ndugu Mhariri, mimi ni mwenyekiti wa serikali ya mtaa hapa Dar es Salaam. Wazazi wananishinikiza nivifunge vibanda vya gemu mtaani kwetu. Nimesikia kwamba huko Ufilipino kuna mahali walipiga marufuku gemu moja baada ya watu kuuana. Je, ni kweli, na je, ilisaidia? – Mwenyekiti, Temeke

Mheshimiwa Mwenyekiti, ni kweli. Mwaka 2015 baraza la barangay ya Salawag, katika jiji la Dasmariñas mkoani Cavite, lilipitisha azimio la kupiga marufuku Dota katika maduka ya kompyuta ya eneo lake baada ya ugomvi uliofikia mauaji. Barangay ndiyo ngazi ya chini kabisa ya serikali huko, inayokaribiana sana na mtaa unaouongoza wewe, kwa hiyo waliopiga marufuku ile walikuwa viongozi wa aina yako, wanaokutana na wazazi kila siku na kuulizwa watafanya nini.

Ugomvi wenyewe, hata hivyo, ulianzia kwenye dau. Katika maduka mengi ya kompyuta ya Ufilipino kumekuwa na mazoea ya kubeti kwa timu: watano wa upande huu wanatoa fedha, watano wa upande ule wanatoa kiasi hicho hicho, mtu mmoja anashika mzigo, na washindi wanagawana. Kwa kijana ambaye nauli na chakula chake cha mchana ndivyo alivyoviweka mezani, kushindwa ni kutembea kwa miguu hadi nyumbani akiwa na njaa, huku aliyemshinda akimdhihaki mbele ya watu wote. Ukiondoa gemu moja na kuacha dau, dau litahamia kwenye gemu nyingine siku hiyo hiyo. Kama ningekuwa katika nafasi yako ningeanza na fedha hizo, kwa kumfanya mwenye duka awajibike pale kamari inapochezwa ndani ya duka lake, kwa sababu yeye na msimamizi wake wanaijua kila dau inapowekwa. Haiwezekani kuchangisha fedha kutoka kwa watu kumi katika chumba cha ukubwa ule bila wao kuona.

Miji mingi ya Ufilipino, Manila na Quezon City ikiwemo, ina sheria ndogo zinazozuia watoto kuingia katika maduka ya kompyuta wakati wa masomo. Nimekwisha kueleza ugumu wake pale shule zinapofundisha kwa zamu: wakati wa masomo wa nani? Amri za kuwazuia watoto kuwa nje usiku nazo zilifikishwa mahakamani, na Agosti 2017 Mahakama ya Juu ilibatilisha za Manila na Navotas, ikaiacha ya Quezon City kwa kuwa iliandikwa kwa uangalifu zaidi na kuweka misamaha ya kutosha kwa shughuli halali za watoto. Hukumu hiyo inafaa kusomwa na kila anayeandika sheria ndogo ya aina hii popote.

Lipo jambo jingine ambalo wazazi wanaolalamikia gemu mara nyingi hawalitaji, nalo ni zito kuliko gemu. Kompyuta iliyofungiwa kwenye sanduku, isiyotazamwa na mtu mzima, inaweza kumkutanisha mtoto na watu wanaowanyonya watoto kingono. Sheria Namba 9775 ya Ufilipino ya mwaka 2009, iliyotungwa kupambana na picha za ngono za watoto, ilizipa serikali za miji na manispaa mamlaka ya kusimamia maduka ya intaneti. Ukikagua vibanda vya mtaani kwako, anza na hilo: skrini zielekee wapi, na nani aliye karibu.

Shikamoo Mhariri. Nina umri wa miaka 19, nimemaliza shule na ninacheza Mobile Legends vizuri sana. Nimesoma kwamba Wafilipino wanapata fedha nyingi kwa kucheza gemu na wengine walianzia kwenye intaneti kafe. Je, nami naweza kuifanya kuwa kazi? – Kijana, Kisumu

Marahaba, kijana wangu. Ulichosoma kuhusu Wafilipino ni kweli, na heshima waliyoipata wanaistahili. Timu ya TNC, iliyoshangaza dunia ya Dota 2, yaani toleo jipya la DotA, mwezi Agosti 2016 kwa kuitoa timu ya OG katika mashindano ya The International huko Seattle, ilitokana na kampuni iliyokuwa na maduka ya intaneti. OG wale wale walikuwa wametwaa ubingwa wa Manila Major mwezi Juni mwaka huo, katika ukumbi wa Mall of Asia Arena. Mwaka 2019, gemu za kompyuta zilipokuwa mchezo wa medali katika Michezo ya Kusini Mashariki mwa Asia, wenyeji Ufilipino walipata dhahabu tatu: Dota 2, Mobile Legends na StarCraft II. Na katika gemu yako wewe, kuanzia mashindano ya dunia yaliyomalizika Januari 2021 hadi yale ya Desemba 2024, ubingwa ulikwenda kwa timu za Ufilipino mara tano mfululizo.

Lakini ujiulize walifikaje huko. Kila duka la kompyuta lilikuwa na timu yake, kila timu ilikuwa na wapinzani katika barabara ya pili, na maduka yenyewe yaliandaa mashindano madogo ambayo zawadi yake pengine ilikuwa saa za bure za kucheza. Mchezaji aliyefika kwenye timu ya kulipwa alikuwa amekwisha kuchujwa mara nyingi na watu waliomjua ana kwa ana. Nyuma ya kila mmoja wao wamebaki maelfu waliokuwa wazuri, wakakesha miaka mingi, wakaacha shule, na leo hawana timu wala cheti. Wewe umemaliza shule, jambo ambalo wengi wao hawakulipata. Tafuta wenzako wanne mnaoweza kufanya mazoezi pamoja kwa saa zinazojulikana, mshiriki mashindano yaliyo karibu nanyi, na wakati huo huo usiache kusomea ufundi au kazi. Mkishindwa na timu za Nairobi mara kwa mara, mtakuwa mmepata jibu mapema, kabla ya kuwagharimu.

Ninakuonya kwa nguvu kuhusu njia ya pili, ile ya gemu zinazodai kumlipa kila mchezaji. Wakati wa janga la korona, Wafilipino wengi waliopoteza kazi waliingia katika Axie Infinity, gemu iliyotengenezwa na kampuni ya Sky Mavis ya Vietnam. Ili kuanza ilimpasa mtu kumiliki viumbe vitatu vya kidijitali, na bei yake ilipopanda kupita uwezo wa maskini, wenye fedha wakaanza kuwakodishia vijana viumbe hivyo na kugawana nao mapato. Mwaka 2021 zipo familia zilizokula na kulipa kodi kwa fedha hizo, na sitawabeza kwa hilo. Lakini malipo yalikuwa katika sarafu ya kidijitali ambayo thamani yake ilitegemea watu wapya kuendelea kuingia, na walipopungua, sarafu ikaporomoka hadi kazi ya siku nzima haikuweza kununua kilo ya mchele. Machi 2022 wadukuzi wakaiba mali yenye thamani ya zaidi ya dola milioni 600 kutoka katika mtandao ulioibeba gemu hiyo. Walioumia zaidi ni waliochelewa kuingia, ambao baadhi yao walikuwa wamekopa ili wanunue. Ukiombwa kulipa kwanza ndipo ulipwe kwa kucheza, kijana wangu, ondoka.

Mhariri, ninafanya kazi za nyumbani Muscat, na katika nyumba hii tupo wawili, mimi Mtanzania na dada mmoja Mfilipino. Mwanawe ana miaka 14 na analelewa na bibi yake. Fedha za nauli na chakula anazotumiwa zinaishia kwenye duka la kompyuta, na bibi anasema mara nyingi mtoto anarudi usiku wa manane. Mama yake anamgombeza kwa simu, kisha analia mpaka asubuhi. Ananiuliza kama mtoto ameshakuwa mgonjwa. Nimwambie nini? – Dada wa Tanga, Muscat

Dada yangu, pole wewe na mpe pole mwenzako. Neno ugonjwa lipo na lina maana yake. Shirika la Afya Duniani liliingiza tatizo la gemu katika orodha yake ya magonjwa iliyopitishwa Mei 2019 na kuanza kutumika Januari 2022. Linatazama mambo matatu: mtu ameshindwa kujizuia kucheza, gemu imetangulia mbele ya mambo mengine yote ya maisha yake, na anaendelea au kuzidisha ingawa anaona inamharibia. Tena kwa kawaida hali hiyo iwe imedumu miezi 12 au zaidi, na iwe imevuruga kweli masomo, afya au uhusiano wake na watu. Kijana anayecheza saa nyingi wakati wa likizo, halafu akirudi shuleni anasoma na anakula na wenzake, haingii hapo. Kwa barua yako peke yake siwezi kusema mtoto huyu yuko upande gani, na mama yake pia hawezi kujua kwa kumgombeza.

Kwa hiyo ayafahamu kwanza mambo machache. Je, fedha zinakwenda kwenye muda wa kucheza au kwenye dau? Duka la kawaida hutoza peso 15 au 20 kwa saa, kwa hiyo nauli ya wiki nzima ikitoweka kwa siku moja, ni vigumu kuwa ililipia kiti tu. Je, anacheza na wanafunzi wenzake au na watu wazima? Maduka mengi yana bei nafuu ya kukesha, kuanzia usiku hadi alfajiri, na wanaokaa saa hizo mara nyingi si watoto. Je, bado anakwenda shule? Mtu wa kumuuliza hilo ni mwalimu wake wa darasa, kwa sababu washauri nasaha waliosomea kazi hiyo ni wachache sana katika shule za serikali za Ufilipino, na mwalimu wa darasa ndiye mwenye orodha ya mahudhurio na mara nyingi ndiye anayejua mtoto anakaa na nani.

Bibi naye asiachwe peke yake nyumbani akisubiri. Aende dukani mchana, duka likiwa na watu wachache, azungumze na mwenye duka. Huyo ni mtu wa mtaa ule, watoto anawajua, hataki kuitwa mbele ya barangay, na wapo wenye maduka wanaokubali kabisa kwamba mtoto fulani asiuziwe muda baada ya saa mbili usiku. Fedha zitumwe kwa bibi, na mtoto apewe nauli ya siku moja moja. Asinyimwe kabisa fedha ya kucheza. Mtoto ambaye mama yake yuko mbali na marafiki zake wote wako katika chumba kile, ukimfungia mlango huo ghafla umemwacha bila mtu, na atatafuta fedha kwa njia nyingine. Apangiwe kiasi kidogo na saa zake zijulikane.

Nilipokuwa nikisoma barua yako nilifikiria saa za simu. Manila iko mbele ya Muscat kwa saa nne. Ninyi mkimaliza kazi saa tatu usiku, huko ni saa saba usiku. Kama huo ndio wakati pekee ambao mama anapata nafasi ya kupiga, basi mtoto anayetaka kusikia sauti ya mama yake inambidi awe macho saa saba usiku, na katika mtaa uliolala, mahali penye taa, wifi na watu ni duka la kompyuta. Sisemi kwamba ndiyo sababu yote, lakini amuulize mtoto, kwa upole, huwa anapokea simu zake akiwa wapi. Amuulize pia anacheza gemu gani, na nani, na anatumia mhusika yupi, kisha amsikilize mpaka amalize. Watoto wengi wa wazazi walioko ng'ambo huulizwa alama za shule na matumizi ya fedha tu.

Saa kumi alasiri ya Muscat ni saa mbili usiku kule, watu wakiwa wametoka kula na bibi akiwa bado macho. Dada yangu, katika hilo wewe unaweza kumsaidia kuliko mimi. Mzungumze na mama mwenye nyumba, mwombe mwenzako aruhusiwe robo saa wakati huo kila siku, na wewe umshikie jikoni mpaka amalize simu.